Bi Sihaba na Arobaini Iliyosogezwa

Usiku ule niliishika simu mkononi mpaka ikapata moto. Mwanangu Ashura alikuwa ameshikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba, naye yuko Kiwangwa kwa mumewe, mimi niko Bagamoyo. Mkwewe, Bi Sihaba, alinipigia mara moja tu baada ya swala ya isha.

"Mkwe, tumepata gari. Tunampeleka hospitali, upande wa Chalinze. Saa hizi hupati basi, basi usihangaike. Nikiwa na la kusema nitasema."

Nilisali, nikakaa, nikasali tena. Nilifagia ua uliokuwa safi. Ashura ni mwanangu wa mwisho, na mtoto wa miezi saba nimekwisha kuona anavyokuwa: kama kifaranga, ngozi inaonyesha mishipa. Karibu na alfajiri simu ikalia.

"Wa kike," akasema Bi Sihaba. "Mdogo sana, lakini anapumua mwenyewe. Njoo na kanga kuukuu, zile laini. Usilete mpya."

Wengine wangeanza kulia kwanza, au wangeniambia tumwombee tu. Yeye alikuwa ameshafikiria kanga.

Niseme habari za mama huyu, maana watu wa Bagamoyo wanamjua kwa mananasi yake tu, na mananasi ndiyo jambo dogo kwake. Ni mjane, mweusi, mrefu, anatembea kama mtu aliyeitwa. Analima mananasi na muhogo, na wanawe ameshawaoza. Kwao alimaliza darasa la saba. Mdogo wake, Mwanajuma, alitolewa shule akiwa la pili ili alee wadogo zake, kwa kuwa mama yao alikuwa mgonjwa. Dada hawa wawili waliolewa nyumba jirani, wakachota maji kisima kimoja, wakazaa miaka ile ile. Watoto wa Sihaba wote wako hai. Mwanajuma alizika watatu, hakuna aliyemaliza mwezi.

Watu walisema jicho la husuda. Wengine walisema dege, yule pepo anayeshika watoto wachanga. Bi Sihaba alinisimulia mwenyewe, siku moja tukimenya muhogo, bila kuinua uso.

"Yule wa mwisho, kliniki walimwambia arudi mbio akiona dalili za hatari. Mwanajuma akajibu ndiyo. Hakujua dalili za hatari ndiyo nini, mkwe, na aliona aibu kuuliza mbele za watu. Mtoto akawa hanyonyi, kimya, kutwa amelala. Yeye akawa anajisifia nimepata mtoto mtulivu. Mimi nilikuwa shamba. Nilipoingia jioni nikamgusa, baridi."

Akatupa ganda la muhogo.

"Mimi sikumzidi akili mdogo wangu. Anahesabu kuliko mimi. Nilimzidi kutoogopa kuuliza, basi. Hilo ndilo nililopata shule."

Tangu hapo akajipa kazi ambayo hakuna aliyempa. Binti yeyote wa pale mtaani kwake aliyeishia njiani shuleni, akipata mimba, Bi Sihaba anafuatana naye kliniki. Hapimi mtu tumbo wala hatoi dawa. Anakaa kwenye benchi, na binti akiitwa, anaingia naye na kuuliza. Manesi wamempa jina, Bi Maswali. Akionekana mlangoni wanaambiana, "Kunyweni chai kabisa, Bi Maswali huyo." Na yeye anawajibu, "Kunyweni, wanangu, mimi nitawangoja. Nina maswali ya moto na ya baridi."

Nilifika hospitali mchana. Chumba kilikuwa cha akina mama wenye watoto wadogo kama wetu. Kitanda cha pili alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Adila, mwanamke mpole. Nesi alikuja akamweleza yule mwalimu namna ya kumbeba mtoto kifuani. Mwalimu akauliza, na wakati wa kuoga je? Na akicheua? Nesi akajibu yote, akavuta na kiti. Halafu akaja kwa Ashura, akasema maneno yale yale kwa haraka, akamalizia, "Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, sista."

Nami nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyofanya benki. Nesi akageuka kuondoka. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na watu wengi. Lakini niliona vile alivyovuta kiti kule, na huku hakuvuta.

"Mwanangu, samahani," akasema Bi Sihaba. "Mimi mtu wa shamba. Nionyeshe kwa mikono, kama unamwonyesha bibi yako."

Nesi akacheka, akarudi. Akamlaza mtoto katikati ya maziwa ya mama yake, ngozi kwa ngozi, kikofia kichwani, akawafunga pamoja kwa kanga. Akaondoka. Na hapo ndipo nilipomwona Bi Sihaba kazini. Alimfungua kanga Ashura, akamwambia, "Haya, sasa nifundishe mimi. Mimi ndiye sijui."

Ashura akamfunga mtoto vizuri kabisa.

"Utamshusha saa ngapi?"

"Asubuhi, mama. Si ni kwa ajili ya baridi ya usiku?"

Bi Sihaba hakumkemea. Alitoka ukumbini akamrudisha nesi mara ya pili, na nesi akasema: usiku na mchana, mama akienda kuoga ampokee mtu mwingine kifuani vile vile, mpaka mtoto mwenyewe aanze kurusha miguu na kukataa. Tumbo limemtoa mapema, kifua ndicho kimalizie. Tungekwenda nyumbani na ile 'ndiyo, sista' ya kwanza, na mchana kutwa mtoto angelala kitandani.

Waliruhusiwa baada ya wiki kadhaa, mtoto akiwa amejua kunyonya. Wakarudi Kiwangwa, Ashura akaingizwa chumba cha ndani kama desturi yetu, mzazi hatoki mpaka arobaini. Jina la mtoto, Habiba, Mwalimu Mwinshehe wa madrasa alikuwa ameshalitangaza. Ashura alipokuwa anakandwa kwa maji ya moto, Bi Sihaba ndiye alikaa na mjukuu kifuani, ameketi kitandani kama mzazi, na mumewe Ashura, Mikdad, akimtania kwamba atazaa uzeeni. Mikdad naye alifungiwa mtoto siku moja. Alikaa bila kupumua, anaogopa kukohoa. Watu wa pale wakapata la kuzungumza mwezi mzima.

Arobaini ilipokaribia, mimi na ndugu zangu tukajipanga. Kwetu siku ile mtoto hutolewa nje, hunyolewa, hupakatwa na mmoja baada ya mwingine, kila mtu amtie dua. Dada yangu Shamsia alinunua mkeka mpya. Tukapanda basi wanawake watano, tumepaka wanja, na sinia la visheti.

Tulimkuta Bi Sihaba ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba cha ndani. Mlango umefungwa.

"Shikamooni wakwe zangu. Karibuni sana. Pilau tayari, mbuzi tayari. Mtoto bado."

"Bado nini?" akauliza Shamsia. "Si arobaini leo?"

"Arobaini ya mama yake. Ashura ameshaoga, ataswali leo kama watu. Mtoto hakutimiza siku zake tumboni. Mngekuja kumtoa nje mtoto ambaye mpaka sasa alitakiwa awe tumboni? Arobaini yake nitaanza kuihesabu siku ambayo angezaliwa."

"Hesabu ya wapi hiyo?"

"Ya hapa. Nimemuuliza Mwalimu Mwinshehe, anasema kumchelewesha kunyoa hakumpunguzii mtoto kitu. Nimeuliza na kliniki. Juzi walimpima, amepanda kidogo tu. Akishikwa na mikono kumi leo, akipigwa na upepo na kichwa kimenyolewa, alichopanda kitashuka."

Shamsia akaweka mkeka chini. "Kwani humo ndani mna bi harusi? Nimetoka Bagamoyo na mkeka wangu nije nitazame mlango?"

"Mlango wenyewe mzuri, mkwe. Utazame huku unakula."

Wanawake wakacheka, lakini Shamsia hakucheka. Alinigeukia mimi. Mimi ndiye bibi mzaa mama, na neno langu pale lingekuwa zito. Na niseme kweli, nilimtaka yule mtoto. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa sijamwona tangu hospitali, na nikiwa mbali naye nafikiria mabaya tu: amepoa, ameacha kunyonya, wananificha. Nikasogea mlangoni.

"Ashura, mwanangu. Ni mimi. Fungua kidogo nimwone tu usoni."

Nilimjua mwanangu. Hajapata kunikatalia kitu, wala kumkatalia mtu yeyote. Akiambiwa jambo ni ndiyo mama, ndiyo shangazi, ndiyo sista. Bi Sihaba aliinuka hata kwenye kigoda, akakisogeza pembeni, kama mtu anayempisha mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama," Ashura akasema kutoka ndani. "Shikamoo mama mkubwa. Nimemweka kifuani, ndiyo kwanza ameshika ziwa. Nikifungua atashtuka aache."

"Dakika moja tu, mwanangu," akasema Shamsia.

"Hapana, mama mkubwa. Mtoto wangu ni mdogo. Kuleni, mimi nitawaita akitimiza."

Nilitegeza sikio kwenye ubao. Nikasikia kunyonya, kule kumeza kwa haraka kwa mtoto mwenye njaa, halafu pumzi, halafu tena. Nikamshika Shamsia mkono, nikamwondoa pale. Nyuma yetu Ashura akasukuma komeo kwa ndani, mlango ukabaki umefungwa.