Auntie wa Kitanda cha Dirishani

Siandiki haya ili mtu anionee huruma. Naandika kwa sababu nikiongea, nyumbani wananiambia nina kelele.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi akiwa kwake Ngoingwa, asubuhi, akifua. Tukamfikisha hospitali Thika mkono wa kulia umelala na mdomo umeenda upande. Maneno yote yalimtoka, likabaki moja tu: "asante." Ukimgeuza kitandani aumie, asante. Ukimnyima chai, asante, na hilo jicho analokupigia wewe mwenyewe unajua umetukanwa.

Siku hiyo hiyo wifi yangu alinishika mkono nje ya wadi. Huyu si wifi tu. Tulikaa dawati moja kutoka Form One hadi Form Four, na ni yeye aliyenipeleka kwao likizo moja, nikaonana na kaka yake.

"Beshte," akaniambia, "wewe bado uko kwa likizo ya uzazi. Kaa na mama wiki mbili tu. Shule zikifungwa nachukua mimi."

Yeye ni mwalimu. Mimi nilikuwa nimebakisha wiki tatu nirudi kiwandani Ruiru, tunakoshona nguo za kupelekwa ng'ambo. Wiki mbili kwa tatu, nikaona naweza. Sikuuliza swali. Mtu ambaye umekopi hesabu zake miaka minne utamuuliza nini?

Basi kila asubuhi nilijikamua maziwa, nikamwachia jirani mtoto hapo kwetu Mugutha, hata miezi mitatu hajafika, nikashika njia ya Thika na chupa ya uji. Saa nne matiti yameanza kuuma, saa sita blauzi imelowa. Nilikuwa najifunga leso juu yake na kuendelea na kazi.

Na kazi ilikuwepo. Watu hudhani mgonjwa akiwa hospitali, hospitali ndiyo inamtunza. Wadi yetu ilikuwa na wagonjwa wengi na manesi wachache. Kuosha, kugeuza, kubadilisha, kulisha, hayo ni ya mtu wenu. Nesi mkuu, mama mmoja wa kutoka magharibi mwenye sauti ya kwaya, alinifundisha kulisha siku ya pili.

"Koo lake halijui tena kufunga mlango," akasema. "Mkalishe wima. Kidevu chini. Nusu kijiko, ngoja ameze—umeona? Halafu kingine. Uji uwe mzito. Maji maji hapana, chai hapana, mrija hapana kabisa. Ukimpa akiwa amelala, kitu kinaingia kwa mapafu."

Kikombe kimoja kilikula saa nzima. Mama anatema, mimi napangusa, tunaanza tena. Siku zingine alinifinya kwa ule mkono mzima mpaka alama ikabaki. Siku zingine alinishika tu vidole asiachilie.

Sasa, shida yetu ni hii. Huku kwetu mtu akilazwa, kanisa linakuja. Ni jambo zuri, sikatai. Lakini saa ya kuona wagonjwa mchana ndiyo hiyo hiyo saa ya kulisha. Wifi alikuja mara mbili kwa hizo wiki, na kila mara alikuja na kina mama wa kanisa, vitambaa kichwani, wamezunguka kitanda, nyimbo tatu, maombi marefu, picha. Mimi nimesukumwa hadi dirishani na bakuli mkononi, uji unaganda. Wakimaliza, kengele imelia, kila mtu nje. Jioni picha ziko kwa grupu ya familia: "Tukimuuguza mama yetu mpendwa." Watu wanamwaga makofi na mioyo. Kwa picha yenyewe mimi ni kiwiko.

Hilo ningelimeza. Lakini siku moja nesi mkuu ananikuta nikikunja shuka ananiuliza, "Auntie, hii familia wanakutunza vizuri? Maana wewe unafanya kazi kweli."

"Auntie?"

"Si wewe ndiye auntie wa kuajiriwa? Nilimwambia yule binti yake aje nimfundishe kulisha, akasema hakuna haja, wameandika msichana wa kazi."

Nikakaa kwa kitanda cha mgonjwa. Haturuhusiwi kukaa hapo. Nesi hakunifukuza.

"Mimi ni bibi ya kijana wake," nikasema. "Na nina mtoto ananyonya."

Akaniangalia kifua, akaona leso. "Ngai wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kikuyu chake cha kukopa. "Na umekula?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza tangu mama alazwe. Alinipeleka kwa chumba chao, akanifungia mlango nikamue, akaniachia chai na viazi vitamu. Hakuna kitu kikubwa alifanya. Dakika ishirini na mlango. Watu wa damu walishindwa na hizo dakika ishirini.

Nilipomwambia mume wangu, yeye huchomelea vyuma Githurai 45, akasema, "Achana naye, pengine alitaka tu kurahisisha maneno." Kurahisisha maneno!

Shule zikafungwa. Wifi akawa na semina, halafu akawa na mafua, hataki kuambukiza mama. Jumapili ya wiki ya tatu mtoto akaamka na homa. Nikapiga simu nikasema leo siji, hata mbingu ianguke. Wifi akaenda. Siku moja hiyo. Mimi na mume wangu tulishinda nyumbani, mtoto mapajani mwake, mimi nikimpangusa na kitambaa cha maji. Yeye alikuwa hapo. Nataka mkumbuke hilo, kwa sababu yeye alilisahau.

Jioni ujumbe wa wifi ukaingia kwa grupu. Mama amepaliwa, anapumua vibaya, amewekewa oksijeni. Halafu: "Daktari anasema alilishwa vibaya. Si vizuri kutaja mtu, lakini wengine wetu tunafanya vitu kwa haraka."

Nikageuka nikamwangalia mume wangu. Naye ana simu mkononi, anaandika. Moyo wangu ukatulia, nikajua sasa atasema. Ujumbe wake ukatokea: "Tusilaumiane. Tuombe."

"Andika nilikuwa hapa," nikamwambia.

"Hiyo italeta vita."

"Andika!"

"Mama watoto, shusha sauti, mtoto amelala."

Mama alipona mapafu, shukrani kwa hao manesi. Ijumaa nesi mkuu akatuita sisi watatu kando ya kitanda. Mgonjwa anakaribia kwenda nyumbani, akasema, na anataka kujua anaenda kwa nani.

Wifi akajibu haraka kama ameulizwa na mkaguzi. "Ataenda Mugutha. Huyu amezoea, na kazi ameshaacha."

"Nani ameacha kazi?" nikauliza. "Mimi narudi Jumatatu."

Wifi akamwangalia kaka yake. Kaka yake akaangalia viatu.

"Nilipigia msimamizi wako," mume wangu akasema polepole. "Wiki iliyopita. Nikamwambia hurudi. Nilidhani nakupunguzia mawazo."

Wiki iliyopita. Alikuwa amekula chakula changu wiki nzima na hilo mdomoni.

Nesi mkuu akaingilia. "Kabla ya yote, Jumapili chai ya mrija alipewa na nani?"

Wifi akaanza, "Pengine yule—"

Mama akainua mkono wa kushoto, ule mzima, polepole, akamnyooshea binti yake kidole. "Asante," akasema. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka, akajifanya anakohoa.

Nesi akasema mama hatoki hapo mpaka hao watoto wawili wajue kulisha, akawapa bakuli. Mimi nikachukua kikapu changu, nikatoka. Nililia hadi stendi, na si kwa huzuni.

Mama sasa yuko kwake Ngoingwa na watoto wake wanapokezana. Mimi huenda Jumamosi kwa sababu nampenda. Jumatatu ile kiwandani nilikuta mashine yangu imepewa msichana mwingine. Nimewekwa kwa laini ya kukata nyuzi, wima tangu asubuhi, na msimamizi aliniambia mbele ya wote kwamba hawezi kurudishia mashine mtu asiyejua anachotaka.

Mume wangu ameomba msamaha mara nyingi, mpaka amepiga magoti. Mimi nilimwomba kitu kimoja tu: aende lango la kiwanda, amwite msimamizi wangu, amwambie kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Amesema ataenda. Kutoka mlango wetu hadi kwa hilo lango ni dakika kumi na tano kwa bodaboda. Mpaka leo hajaenda.