Mkono Getini

Zamani mgeni alisalimiwa getini mpaka habari za mifugo. Siku hizi hupimwa kwa kifimbo cha kunusa chuma kabla hajafungua mdomo. Mzee Sosthenes, fundi viatu wa Soweto, Mbeya, alimfahamu mlinzi wa ghala la jirani tangu enzi za rungu na koti refu. Kila mgeni, mlinzi huyo alimshika mkono, Kiswahili chake cha Iringa kikivutika taratibu, macho yakimsoma. Mwenye nia mbaya, alisema, huchoka na salamu mapema.

Kampuni yake ya ulinzi ilipomfanya mkufunzi wa walinzi, somo la kwanza likawa salamu.

“Mwalimu, tutasalimiana mpaka foleni ifike Uyole?” kijana mmoja alitania. Darasa zima likacheka.

Wakubwa wakamwambia afuate kitabu, la sivyo aondoke. Akakifuata, akisoma kurasa kwa sauti ndogo, na mchana akila peke yake.

Mara ya mwisho Sosthenes kumwona, mkufunzi huyo alikuwa kwenye geti lile lile la ghala, sasa akija kama mgeni, akimnyooshea mkono mlinzi mpya, mwanafunzi wake mwenyewe.

Kijana aliutazama. “Kitambulisho, mwalimu.”

Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka nacho.