Hereni ya Ndama wa Marsela

Bibi Sabina hakumaliza hata darasa la pili, lakini namba alizoandika zilisomeka kutoka ng'ambo ya josho. Kwa miaka kumi na miwili ni yeye aliyewavisha hereni ng'ombe wote wa kikundi cha akina mama wa maziwa, pale Karatu. Kila hereni tarakimu nne, isipungue wala isizidi. Ng'ombe wa kwanza aliandikwa 0001. Sifuri za mbele alizitaka mwenyewe, baada ya kuona, kwenye kikundi kingine, mjanja mmoja akiongeza nane mbele ya 12, ikasomeka 812, na ng'ombe wa jirani akawa wake.

Ng'ombe akifa, hereni ilirudi kwa Sabina, akaitunga kwenye waya. Namba ya marehemu haikutolewa tena.

Asubuhi ya chanjo ya ndigana, homa ya kupe, Marsela alileta ndama wake, wa kwanza kuandikishwa tangu Nasrin, karani wa kikundi, ahamishie orodha kwenye kompyuta. Nasrin akabonyeza.

"Bibi, andika 0118."

"Siandiki. Hiyo iko sikioni mwa ng'ombe wa Mama Isaya."

"Mashine ndiyo imesema, bibi."

"Basi mashine ikamvue."

Nelson, daktari wa mifugo, akachungulia. "Kwenye daftari langu 0118 alichanjwa mwaka jana. Namba moja siichanji mara mbili. Na dawa hii ikishayeyushwa haingoji kesho, mama."

Marsela akamshika ndama shingoni. Wawili walishamfia kwa ndigana.

"Nasrin, waliokufa umewaweka wapi?" Sabina akauliza.

"Nimewafuta. Wa nini tena? Kompyuta inahesabu waliopo, inaongeza moja."

"Ndiyo hapo umeharibu!" Akabwaga waya mezani. "Waliopo mia na kumi na saba. Hawa hapa tisa. Jumla?"

"Mia moja ishirini na sita," Nasrin akajibu, sauti imeshuka.

"Basi huyu ni 0127."

Akaandika. Koleo likalia kacha sikioni mwa ndama, Nelson akachoma sindano.

Mchana Nasrin akawarudisha wale tisa kwenye orodha, kila mmoja na alama ya kufa. Akaiwekea kompyuta hesabu ya kwenda mbele tu, isiyotazama nani yupo, ijazie sifuri hadi zitimie tarakimu nne. Sabina hakukubali kuambiwa tu, alitaka kuona.

"Toa moja."

Ikatoka 0128.

"Ifute. Toa nyingine."

0129.

"Haya, sasa inasikia. Hiyo ingoje ndama ajaye."

Kisha akachukua hereni tupu, akaiandika 0128, akaitunga kwenye waya pamoja na za wale tisa.