Siku Dadi Alipobaki na Kikachi Peke Yake

Jirani akikaanga mvuje, kwa harufu ile tu mimi huwa nimesharudi kimawazo Mlandege, jikoni kwa Dadi. Dadi ndivyo tulivyomwita mama yake baba, Mhindi aliyezaliwa pale pale Iringa, mbishi kupindukia, hodari wa kuzozana na wauza nyanya kwa Kiswahili kisha kuwamalizia kwa Kihehe. Kikachi, lugha ya wazazi wake, alikizungumza na binti yake tu, shangazi yetu wa Mbalizi. Sisi wajukuu tulikiita Kihindi, basi.

Baba alikuwa ameshafariki. Aliyemuuguza Dadi alikuwa mama yangu, Mhehe, ambaye Dadi hakutaka aolewe na mwanawe na hakuwahi kumficha hilo. Sikumbuki kumsikia akimshukuru hata kwa kikombe cha chai.

Asubuhi moja, baada ya homa kali, Dadi aliamka Kiswahili na Kihehe vyote vimemtoka. Alirudia maneno yale yale ya Kikachi, kaung'ang'ania mkono wa mama, dawa hataki, uji hataki. Mama alihangaika: anaumwa wapi? Anataka nini?

Kabla hatujamkumbuka shangazi, mtaa mzima ulikuwa na jibu moja: aitwe yule daktari mpya kutoka India. Mhindi na Mhindi watashindwaje kuelewana?

Daktari alikuja, kijana mpole, akainama akazungumza. Dadi akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Daktari akajaribu lugha nyingine. Wapi.

"Mimi natoka kusini kabisa, kwetu ni Kimalayalam," alituambia kwa Kiswahili cha kujifunza. "Bibi huyu lugha yake ya magharibi. Hata mimi sijui anasema nini. Mpigieni simu mtu wa kwao."

Nilipigwa na butwaa. Sikuwahi kuwaza kwamba Wahindi nao wana Wahehe wao na Wanyakyusa wao.

Mama akampigia shangazi, akaongeza sauti ili tusikie sote, akaisogeza simu mdomoni kwa Dadi. Dadi akasema yote kwa mkupuo.

"Wifi," akasema shangazi, "haumwi popote. Anauliza wewe ni nani. Anasema, huyu mama anayenitunza aende kwake akapumzike, watoto wake watakuwa na njaa. Anasema Mungu angempa mkamwana wa namna hii, angeshukuru."

Watoto wenyewe tulikuwa tumesimama pale, na kweli nilikuwa sijanywa chai. Nilingoja mama amwambie ukweli, kwamba mkamwana ni yeye. Mama alijifuta uso kwa khanga.

"Mwambie nimesikia, wifi. Watoto wameshakula. Nitakaa naye."

Shangazi akatafsiri, na Dadi akakubali uji.

Nilimkasirikia mama siku ile. Niliona amekubali kufanywa mgeni ndani ya nyumba yake. Sasa nimeolewa, nina mama mkwe wangu, ndipo ninaelewa. Neno lile mama alikuwa amelingoja miaka yote ya ndoa yake, na kama angejitaja jina, huenda Dadi angeifuta shukrani ile.