Safari ya Tatu ya Kidimbwini

Alikuwa dobi wa hospitali, na kwa miaka ishirini na mbili mikono yake haikupata kukauka sawasawa. Shuka za wodini, mapazia, magauni ya wagonjwa, vyote vilipita mikononi mwake. Lakini maji ya kuingia mwili mzima aliyaogopa kama moto. Siku moja wafanyakazi walipelekwa matembezi ya ufukweni, wimbi dogo likampiga, akaanguka chali na kupiga mayowe mpaka wanaume wanne wakaja mbio kumwokoa. Walipomsimamisha, maji yalimfika magotini. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Akawa Nanga, kuanzia kwa mpishi hadi kwa daktari mkuu.

Alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Ila usiku huo alipiga moyo konde: kabla hajastaafu, atajua kuogelea. Na kustaafu kulikuwa kumebaki miezi minane.

"Kuogelea?" mumewe aliuliza, kijiko kikiwa kimeishia hewani. "Mama watoto, hata bafuni unaingia umeshika ukuta."

"Basi nitaanzia huko huko bafuni."

Hakuanzia bafuni, alianzia kazini. Kila zamu ikiisha alijaza maji safi kwenye karai kubwa la kusuuzia, akatumbukiza uso na kuhesabu. Siku ya kwanza alifika tatu, akatoka anakohoa. Mwisho wa mwezi alifika ishirini na tano. Msimamizi wake alimkuta mara moja kichwa kimo karaini, akadhani amezimia, akaita machela.

Mwalimu wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyefundisha watoto wa chekechea na aliyejua kuogelea tangu akiwa na meno ya utoto. Yeye ndiye aliyependekeza kidimbwi cha nyuma ya magofu ya mji wa kale.

"Ufukweni kuna mawimbi, na wewe na mawimbi mmeshakosana," alisema. "Kule bahari ikijaa inamimina maji ndani ya miamba, ikipwa inayaacha yametulia tuli. Shida ni njia. Saa mbili kwa miguu, na kuna pua ya mwamba haipitiki mpaka maji yapwe."

Safari ya kwanza walichelewa kwa sababu ya zamu ya Nanga, wakakuta pua ya mwamba imeshafunikwa. Wakageuza. Ya pili ilinyesha mvua, mawe yakateleza kama yamepakwa sabuni, wifi akateguka kidole gumba cha mguu. Wakageuza tena.

"Si tuache tu, wifi?" wifi aliuliza siku ile, akichechemea.

"Kidole kikipona niambie," Nanga akajibu.

Kidole kilichukua wiki tatu. Jumamosi ya safari ya tatu waliondoka alfajiri, na mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai mkobani. Jua lilipochomoza walikuwa wameshaingia magofuni. Kuta za mawe zilisimama bila paa, mizizi imezikumbatia, na milango mirefu ilifunguka kwenye vyumba vilivyojaa majani. Pembeni palikuwa na kisima kikavu, ukingo wake umelika mifereji kwa kamba za watu wasiojulikana tena. Nanga alipitisha kidole kwenye mfereji mmojawapo.

"Hawa nao walichota maji wakafua," alisema.

"Na wengine wakaogelea. Tembea, bahari haitusubiri."

Baada ya magofu njia ilikuwa mawe matupu, makali kama misumeno. Nusu saa haijapita, soli ya kiatu cha Nanga ikaachia, ikawa inapiga makofi kila hatua. Wifi alisimama, akamtazama. Nanga akatoa mkobani kipande cha shuka kuukuu, akakifunga kiatu kuanzia kidoleni hadi kifundoni kama anayefunga jeraha.

"Usinitazame hivyo. Leo sirudi."

Walipita pua ya mwamba nyayo zikilowa tu. Ng'ambo yake kidimbwi kilikuwa hapo, kijani, mchanga wake wa chini unaonekana. Upande mmoja maji yalifika kiunoni, wa pili yalimzidi mtu urefu.

Nanga aliingia akishikilia mwamba. Alielea chali, mkono wa wifi ukiwa mgongoni mwake. Kisha wifi akauondoa. Nanga alipogundua alimrukia shingoni, wote wawili wakazama. Wifi aliibuka anatema maji na hasira.

"Ukinikaba tena nakuacha humu na kaa!"

Nanga alitoka, akaketi mwambani na kumenya yai ambalo hakulila. Aliona aibu kuliko hata ile siku ya ufukweni, kwa sababu leo alikuwa amejiandaa. Wifi akaketi kando yake, akammiminia chai.

"Nisamehe, wifi," akasema akimpa kikombe. "Ulinitisha na mimi."

"Tuna muda gani?" Nanga akauliza.

"Robo saa. Kisha maji yanaanza kurudi."

Nanga akamrudishia kikombe kikiwa kimejaa. "Nenda ukae upande ule wa kina. Usinishike, ila usiniondolee macho."

Aliingia, akatumbukiza uso na kuanza kuhesabu kama karaini. Akasukuma mwamba kwa miguu. Moja, mbili, tatu, mikono ikipasua maji ovyo ovyo, miguu ikirusha matone mpaka juu. Kwenye tisa aliinua kichwa, akameza maji ya chumvi, akataka kupiga kelele. Badala yake alirudisha uso majini na kuendelea. Kwenye kumi na tisa vidole vyake viligusa jiwe.

Wifi alikuwa analia na kucheka. "Umefika! Nanga wewe, umefika!"

"Subiri kwanza," alisema akihema, ameng'ang'ania jiwe. "Bado kurudi."

Akarudi, safari hii bila kumeza tone.

Jioni mumewe alimkuta sebuleni, miguu yake yenye malengelenge imo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Aliangalia kile kiatu kilichofungwa shuka, akamwangalia mkewe.

"Ehe? Umeweza?"

"Nimevuka mara mbili. Jumamosi ijayo tunarudi, na wewe ndiye utakayebeba mkoba."

Mume akakohoa kidogo, akaenda kutafuta viatu vyake vya zamani chini ya kitanda.