Swichi Isiyowasha Kitu

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, kwa kuwa hakubandika kigae bila kukipima, na watu nao aliwapima vivyo hivyo, kwa jicho moja. Siku hiyo alikuwa akibadilisha vigae vya jikoni kwa dada yake mkubwa, na soketi moja ilimkera. Ilikuwa katikati kabisa ya ukuta, na haikutumika tangu wahamie.

"Hiyo imekufa kitambo," dada alisema. "Ifukie tu, ukuta upendeze."

"Basi nizime kwanza swichi kubwa ya nyumba."

"Uzime, na friza imejaa barafu za kuuza? Zitayeyuka zote."

Angekuwa mteja mwingine, angembishia. Lakini dada ndiye aliyemlea, na mbele yake ulimi ulikuwa mzito. Akachomeka testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye matundu; taa yake haikuwaka. Akaifungua soketi, akazivuta nyaya kwa vidole, akazichomoa. Akaweka testa chini, akachovya mkono kwenye ndoo ya saruji, akaunyoosha ili azikunje nyaya azizike ukutani.

Tak.

Sauti ilitoka sebuleni. Shemeji alikuwa akisikiliza redio, na kama kawaida yake akichezea ile swichi ya ubavuni mwa kochi, isiyowasha kitu chochote. Miaka nenda miaka rudi Pimamaji alimtania kwamba anawasha akili.

Mkono ukaganda hewani, nyaya zikiwa upana wa kidole mbele yake. Hakuna fundi anayeweka swichi isiyo na kazi.

"Shemeji," aliita, bila kupandisha sauti, "toa mkono kwenye hiyo swichi. Usiiguse tena."

Akaokota testa kwa mkono mkavu, akaigusisha kwenye waya. Taa ya testa ikawaka. Akakaa sakafuni. Alikuwa ameogopa, na hakuona haya. Dada aliiona ile taa. Akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa, barafu zikajiyeyukia.

Soketi haikufukiwa. Pimamaji alizifunga nyaya, akaweka kifuniko cheupe kisicho na matundu, akakata kigae kukizunguka. Kilikaa kama kiraka.

"Asikifiche mtu," alisema, na safari hii ulimi haukuwa mzito.

"Sawa," dada akajibu.

Sebuleni, shemeji alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Kidole kilikuwa juu ya swichi tangu ulipoanza kufungua soketi," alisema polepole. "Nilikuwa nangoja tu taarifa ya habari iishe ndipo niibonyeze."