Abiria wa Mlango wa Bluu

Usiniambie niliota. Siku ile nilikuwa na karai la mafuta ya moto mbele yangu, na mtu mwenye mafuta ya moto mbele yake haoti, anaungua. Mimi ninakaanga migebuka kando ya barabara hapa Ujiji. Mtaa mzima unanijua, na wanajua kwamba mdomo wangu ni mkali ila uongo haujui. Basi kaa nikusimulie. Ukitaka kucheka, cheka mwishoni.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo, nami nageuza samaki. Bukuru alikuwa anakuja na baiskeli yake kutoka Simbo, madumu mawili ya mawese yamefungwa nyuma. Huyu ni mteja wangu, hapiti bila kuteremka na kunitania kwamba migebuka yangu kila mwezi inapungua urefu. Siku hiyo hakupata nafasi ya kuteremka. Gari dogo jeupe lilitokea nyuma yake kwa kasi, likamkwaruza, likamtupa mtaroni yeye na baiskeli na madumu yake. Mawese yakamwagika barabarani, mekundu, nami nikadhani yale yote ni damu. Nikapiga yowe.

Gari likasimama karibu kabisa na karai langu. Na lilikuwa gari ambalo huwezi kulisahau: jeupe lote, ila mlango wa nyuma wa kushoto ni wa bluu, bila shaka umetolewa kwenye gari jingine. Dereva akageuka kutazama alichokifanya. Nikamwona uso, naye akaniona. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, huyu atashuka.

Hapo ndipo nilipomwona bibi.

Sijui alitokea wapi, niamini. Mwanamke mzee, mwembamba, kitenge cha njano, miguu pekupeku. Alipita mbele yangu, akafungua ule mlango wa bluu, akaingia, akaketi. Kisha akatandaza kitenge chake mapajani, akakipigapiga kama unavyomwita mtoto aje alaze kichwa. Wala sikushangaa. Kwetu majeruhi hapelekwi hospitali peke yake. Mwanamke mtu mzima hutangulia kuingia garini, akampokea, akampakata kichwa njia nzima. Nikajua bibi wa watu ametangulia, nikakimbilia mtaroni kumwinua Bukuru.

Dereva akakanyaga mafuta, akaondoka.

"Simama!" nikapiga kelele. "Una bibi wa watu humo ndani!"

Kinyozi wa jirani alikuwa ametoka mbio, mashine bado iko mkononi. "Bibi gani, mama?"

"Yule aliyepanda!"

"Mimi sijaona mtu akipanda."

Watu wote waliona gari, waliona mlango wa bluu, lakini bibi hakuna aliyemwona ila mimi. Maneno yakaanza hapo hapo. Mmoja akasema hilo ni gari la majini, na mambo ya namna hiyo hayapelekwi polisi, tumsomee Bukuru dua tunyamaze. Wenzake wakaitikia. Nilikasirika! Jini gani huyo anayehitaji tairi? Tulimbeba Bukuru hadi kwake, goti limeanza kuvimba. Akasema ameteguka tu, akakandwa kwa maji ya moto, na mkewe aliniambia alilia mpaka alfajiri.

Asubuhi nikaenda kituoni pamoja na kinyozi. Nilitaka Bukuru apate PF3, ile fomu ya polisi, atibiwe, na nilitaka yule dereva akamatwe. Tayari mtu mmoja pale kituoni alikuwa anasema hawa wabeba mawese hulewa, wakaanguka wenyewe. Afande aliandika maelezo yangu vizuri mpaka nilipofika kwa bibi. Akaweka kalamu chini.

"Mama, nikiandika abiria ambaye hakuonekana na mtu mwingine, watasema shahidi wangu..." Akazungusha kidole karibu na kichwa. "Mtoe bibi, ushahidi wako usimame."

Wewe ungefanyaje? Nilijua kwamba nisipoaminika atakayeumia ni Bukuru, ataitwa mlevi na goti lake bovu. Lakini bibi nilimwona, na nikianza kuchagua niseme lipi katika niliyoyaona, nitaishia wapi? Nikasema, "Andika, afande. Kitenge cha njano. Pekupeku. Andika na namna alivyokipigapiga."

Gari la mlango wa bluu halifichiki katika mji kama wetu. Adhuhuri haijafika, dereva akaletwa nalo. Mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, tabasamu usoni, ila macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akakana kila kitu. Jana kutwa alikuwa Kalinzi kufuata kahawa, Ujiji hakukanyaga, huyu mama amemfananisha. Aliongea vizuri, mwenyewe ungemwamini. Kinyozi wangu akaanza kutazama viatu vyake mwenyewe. Nikaona kesi ya Bukuru inaniponyoka mikononi.

"Shahidi anasema ulikuwa na abiria," afande akasema, nusu anacheka.

"Nilikuwa peke yangu."

Nikasimama. "Peke yako? Na yule bibi wa kitenge cha njano anayepigapiga mapaja, umemshusha wapi?"

Tabasamu likamtoka. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe na wewe unamwona?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijawahi kuona fupi kama ile. Mwanaume mzima akaanza kulia. "Hajashuka, mama. Tangu jana. Nimemfungulia mlango, nimemwomba, nimesoma kila dua ninayoijua. Hasemi neno. Yuko pale nje hata sasa."

Afande akatoka, akachungulia, akaona kiti kitupu. Mimi nikamwona, ameketi vile vile, kitenge kimetandazwa.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama mlango kama mtu anayesubiri. Nikaelewa.

"Anamsubiri mgonjwa wake," nikamwambia dereva. "Ulimchukua msindikizaji, ukamwacha majeruhi. Twende ukamchukue."

Akaenda, tena mbio, nami kando yake, afande nyuma yetu na pikipiki, PF3 mfukoni. Dereva mwenyewe alimbeba Bukuru mgongoni hadi garini. Nikamwonyesha kichwa kikae wapi. Bukuru alikuwa anagugumia kwa maumivu, na alipolazwa tu akatulia, akashusha pumzi. Tukaenda polepole hadi hospitali.

Wauguzi walipomchukua, nikausogelea mlango wa bluu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akashuka, akajifunga kitenge vizuri, akaingia katikati ya ndugu wa wagonjwa waliojaa uani. Sikumwona tena.

"Yule bibi ameenda wapi?" Bukuru akauliza kitandani. "Nimshukuru. Mikono yake inanukia mawese."

"Hata wewe?"

"Ego, ndiyo! Si amenipakata njia nzima?"

Nilirudi Ujiji nimekaa nyuma ya afande wangu kwenye pikipiki, lakini nilijiona niko mbele ya dunia. Kinyozi alikuwa ametangulia na habari. Nilipigiwa vigelegele kuanzia kona hadi kwenye karai langu, na wale wa "gari la majini" walinunua samaki bila kuuliza urefu. Nilifurahi, sikufichi, nilifurahi mpaka nikaunguza sufuria ya wali. Dereva alikiri mbele ya hakimu bila kuzungushana. Bukuru amerudi kwenye baiskeli, na utani wake umerudi naye.

Niliuliza yule bibi ni nani. Kila niliyemuuliza alinitajia bibi yake mwenyewe, nikaacha kuuliza. Dereva hupita kwangu mpaka leo. Kila akisimama huufungua mlango wa bluu, husubiri kidogo, husema shikamoo kwenye kiti kitupu, ndipo anunue samaki. Hakuna anayemcheka.

Nawe unayeshika usukani, nisikilize. Ukimgonga mtu, simama. Ukisimama utambeba majeruhi, na mkifika atashuka. Ukikimbia utaondoka na aliyekuja kumpakata, na huyo hashuki.